Kuvuka Mlizamu Bila Kivuli

1 Machi

“Theluji ya Aprili ni maiti, na maiti haimfukuzi mtu.”

Aliyesema hivyo ni Stamen, mtunzaji wa kibanda cha Orlitsa, ile nyumba ya wapanda milima huko juu, jana jioni mbele ya wanachama wote wa chama chetu cha wapanda milima. Alipigiwa makofi. Katibu aliyaingiza maneno hayo kwenye kumbukumbu kwa mwandiko mzuri, kana kwamba yameteremshwa kutoka mbinguni. Kwa kuwa chama hichohicho kimeniomba niandike shajara ya msimu huu kwa ajili ya jarida letu la mwaka, naanza kwa kumjibu.

Maiti hainywi, Stamen. Theluji ya Aprili inakunywa. Jua la asubuhi linaimiminia, mvua ya vuguvugu inaimiminia, nayo inapokea tu, punje kwa punje, mpaka maji yafike chini kabisa, kwenye majani yaliyolala ya mwaka jana. Hapo mteremko mzima unakuwa kama mlevi aliyesimama juu ya sabuni. Theluji ya Januari huua kwa kisu. Ya Aprili huua kwa zege. Haina haraka. Inakuja inatambaa, nzito, na ikisimama inakaza palepale, na aliyemo ndani hawezi kukunja hata kidole.

Mtu ataniuliza: Mwalimu Rada, mbona povu? Binti yangu Nevena, mtoto wangu wa pekee, ataolewa tarehe ishirini na sita Aprili na Ognyan, mwana wa huyohuyo Stamen. Na desturi ya ukoo wao inasema bibi harusi avuke Mlizamu kwa miguu yake, amebeba mkate, saa sita mchana, wakati kivuli ni kifupi kuliko saa zote. Bibi harusi anayeingia na kivuli kirefu, wanasema, huingia na huzuni ndefu. Mlizamu ni lile korongo lililo kati ya msitu wa misonobari na kibanda, linaloteremsha kila kitu kama mlizamu wa paa. Linatazama mashariki. Ikifika saa sita limeshakunywa jua tangu macheo.

Leo ni siku ya Bibi Machi, kikongwe wa hadithi anayeleta jua na baridi za mwezi huu, na kila mtu kijijini amefungwa mkononi uzi mwekundu na mweupe, wa kuombeana afya, auvae mpaka aone mti wa kwanza uliochanua. Wangu alinifunga Stamen mwenyewe, mbele ya duka.

“Uwe mweupe, uwe mwekundu,” akasema, kama inavyosemwa. Kisha akakaza fundo. “Na uwe kimya, mkwe mwenzangu.”

“Hilo la tatu halimo kwenye baraka.”

“Nimekuongezea bure.”

4 Machi

Theluji kutwa. Bibi Machi kanuna.

5 Machi

Bado kanuna.

11 Machi

Nimepanda na Nevena hadi ukingoni mwa Mlizamu, tukachimba shimo la kina cha kifua ili nione tabaka. Juu unga laini. Katikati ganda gumu la mvua ya Februari. Chini kabisa punje kubwa kama chumvi ya mawe, zisizoshikana hata ukizifinya. Nikapiga magoti, nikazitazama, nikaanza kunung’unika.

“Mama,” Nevena akasema, “unaisoma theluji kama gazeti la wapinzani wako.”

“Kwa sababu ina uongo uleule. Juu maneno matamu, chini hakuna kinachoshika.”

Akacheka hadi akakaa ndani ya shimo. Nilimtazama akicheka humo, theluji imemfika mabegani pande zote, nikamwambia atoke mara moja.

15 Machi

Makala yangu imetoka kwenye gazeti la wilaya. Kichwa chake: “Maiti Inayokunywa.” Sikumtaja Stamen kwa jina. Nilisema tu “mtunzaji mmoja wa kibanda mwenye masharubu mengi kuliko hoja.” Wilaya nzima ina mtunzaji mmoja wa kibanda.

19 Machi

Stamen ameibandika chooni, kule Orlitsa. Angalau inasomwa.

25 Machi

Joto la kwanza. Kutoka dirishani naona vipira vya theluji vikijiviringisha vyenyewe chini ya miamba, kila kimoja kikiacha mstari nyuma yake. Asiyejua huona mchezo. Ni mteremko unaotokwa jasho.

Adhuhuri nilisimamisha fimbo ya ufagio katikati ya uwanja wa kijiji na kuwaita watu. Nikapima kivuli chake: zaidi ya robo tatu ya fimbo yenyewe. Nikawaambia, tazameni, hicho ndicho kivuli chenu cha adhuhuri mnachokiita kifupi. Hata mwisho wa Aprili kitakuwa nusu ya kimo cha mtu. Hii ni nchi ya milima ya kaskazini, jua halisimami utosini kwetu hata Juni. Desturi yenu imejengwa juu ya hesabu mbovu!

Stoyna, mke wa Stamen, alikuwa amesimama pale na kikapu cha vitunguu. Yeye alivuka Mlizamu adhuhuri akiwa bibi harusi, miaka thelathini na kitu iliyopita, na hawajawahi kulala wamenuniana, isipokuwa mwaka wa lile trekta.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “kivuli cha ufagio si kivuli cha bibi harusi.”

Watu wakapiga vigelegele. Nilishinda hoja na kupoteza uwanja.

29 Machi

Mvua juu ya theluji. Sijalala vizuri.

2 Aprili

Kuna ufa juu ya Mlizamu, upande hadi upande, kama mdomo unaoanza kutabasamu. Nimemwonyesha Stamen kwa darubini. Akasema, “Kila mwaka upo.” Nikamwambia kila mwaka dubu yupo, lakini si kila mwaka tunampelekea harusi.

8 Aprili

Nimetulia kidogo, naweza kuandika.

Leo Ognyan alitaka kufikisha meza za harusi kibandani kabla ya Pasaka. Meza tano za mwaloni, za babu yake, amezifunga kwenye sileji ya mbao, gari lisilo na magurudumu la kuburuta thelujini. Nevena alikwenda naye kumsaidia kusukuma. Nilikuwa shuleni. Waliondoka kwenye kiwanda cha mbao cha kijijini baada ya chakula cha mchana, kwa sababu Stamen alisema mchana theluji ni laini na sileji haitelezi ovyo. Ni kweli kwamba mchana theluji ni laini.

Nilipopata habari nilipanda mbio kwa viatu vya darasani. Nilipofika msonobari wa mwisho niliwaona. Nevena alikuwa amekaa chini ya mti, mzima. Ognyan alikuwa amesimama ukingoni kabisa mwa Mlizamu, ameshika kamba, na kamba ilikuwa inaning’inia juu ya shimo.

Alinisimulia huku meno yanagongana. Alikuwa ametangulia akivuta, akakanyaga hatua za mwanzo za korongo, akazama hadi mapajani. Akarudi nyuma ili ajifungue kamba ya sileji kiunoni, na Nevena akamwita akae kwenye mizizi ya mti kwanza apumzike. Sileji ikabaki palepale mwanzoni mwa korongo. Kisha wakasikia sauti kama mtu anaburuta kabati ghorofani. Haikuwa kubwa. Mteremko ukafunguka kutoka kwenye ule ufa, tabaka lake la juu tu, ukaanza kushuka, polepole, kwa pamoja, kama ugali unaomwagwa kutoka kwenye sufuria. Mtu angeweza kuukimbia, alisema, kama angekuwa na pa kukanyaga. Ukaibeba sileji kwa adabu kabisa, bila kuipindua, meza zimekaa juu yake kama wageni ndani ya gari, ukaenda nazo hadi kwenye mdomo wa bonde, ukazifunika. Kamba ilikatika mkononi mwake.

“Mwalimu,” akaniambia, na nimemfundisha kijana huyu miaka minne bila kumsikia akisema sentensi ndefu, “zilikuwa zinaenda tu. Nilitaka kuzipungia mkono.”

Nevena akacheka. Mimi pia nikacheka, kisha nikalia, kisha nikamkumbatia kila mmoja mara mbili, na tukashuka.

Hapa ningeweza kukomea. Lakini uani kwa kiwanda cha mbao Stamen alikuwa anatusubiri, na nusu ya kijiji pamoja naye, na mimi ndimi nilivyo.

“Haya!” nikapaza sauti. “Maiti yako imekula meza za baba yako! Na ilikuwa imeshafungua mdomo kwa mwanao! Sema tena haimfukuzi mtu! Sema, watu wakusikie!”

Alikuwa mweupe kama mtindi. Alimshika Ognyan shingoni, akambana kifuani, akamwachia. Nadhani kama ningekaa kimya wakati ule, kwa muda wa kuvuta pumzi tatu tu, angesema neno jingine. Lakini niliendelea. Nilisema mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Nilimwita mtumwa wa babu zake. Watu walianza kucheka, na nikaona uso wake unafunga kama mlango.

Akamnyang’anya Stoyna mkate kikapuni, akaunyanyua.

“Kwa mkate huu,” akasema, “bibi harusi wa Orlitsa atavuka kama walivyovuka wote kabla yake. Kwa kivuli kisicho na urefu. Nimekula kiapo.” Akaumega, akala mbele yetu, akaondoka.

Kwetu hakuna mtu anayerudisha kiapo cha mkate.

9 Aprili

Alhamisi Kuu. Tumetia mayai rangi nyekundu, mimi na Nevena. Hatimaye akaweka kijiko.

“Umeshinda, Mama. Kila mtu aliona.”

“Nilikuwa na haki.”

“Ulikuwa nayo. Sasa yeye ameapa. Mimi siwezi kuingia kwa watu kwa kukanyaga kiapo cha baba mkwe mbele ya kijiji. Nitavuka saa sita.” Akachukua yai jingine. “Huo ushindi wako ndio utakaonishika mkono katikati ya Mlizamu?”

Nina majibu kwa kila mtu katika wilaya hii. Jikoni kwangu nilichukua yai na kulitia rangi.

12 Aprili

Pasaka. Kristo amefufuka, jua limewaka, na Stoyna ametualika kwa chakula kana kwamba hakuna kilichotokea. Tuligongana mayai, kama kawaida, yai kwa yai, na ambaye lake linabaki zima ndiye mwenye bahati ya mwaka. Stamen alikaa mwisho wa meza bila kunitazama. Zamu yetu ilipofika nililishika yai langu vibaya, tumbo badala ya ncha, kwa sababu mawazo yangu hayakuwepo. Likapasuka vipande.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. “Ha!” akasema. “Mwalimu! Mwalimu amepasuka!” Akainuka, akalionyesha yai lake kwa kila mtu, hata kwa paka. Kisha akanisogezea kiti karibu na jiko, akanimiminia rakia, ile pombe kali ya plamu anayoificha nyuma ya unga, akaniuliza kama miguu yangu bado inauma baridi. Tulikaa saa nzima tukizungumza kuhusu theluji kama watu wazima. Anajua ufa. Anajua usiku usio na mawingu hugandisha ganda, na wenye mawingu hauligandishi. Anajua kila kitu! Mara mbili alifungua mdomo kuhusu harusi, na mara mbili akaufunga.

Nimerudi nyumbani nikifikiri juu ya yai.

13 Aprili

Nafikiri.

16 Aprili

Mkutano wa chama, ukumbi wa shule. Watu walikuja wengi kuliko wanavyokuja kupiga kura, kwa sababu ilijulikana kwamba Mwalimu Rada na Stamen watakutana.

Nilisimama wa kwanza. Nilishambulia desturi yote, mizizi na matawi. Nilisema ifutwe. Nilisema Nevena asivuke kabisa, aolewe huku chini uani kwa kiwanda cha mbao, na mkate aubebe Demko mpiga zumari kama mnataka lazima ubebwe. Watu walinung’unika. Stamen alikunja mikono, ametulia. Hii alikuwa ameijia. Nikapandisha sauti.

“Mnataka saa isiyo na kivuli! Saa hiyo haipo! Adhuhuri yenu nimeipima kwa ufagio. Basi mtu anitajie saa nyingine, moja tu kati ya ishirini na nne, ambayo bibi harusi anaweza kuvuka bila kivuli. Moja! Mnaona? Hakuna! Hata Stamen hawezi kuitaja!”

Nikapiga meza na kukaa, kifua mbele, kama mtu aliyekwisha kushinda.

Kiti kikakwaruza sakafu. Stamen alikuwa anainuka, polepole, kama ng’ombe aliyeona lango limeachwa wazi.

“Mkwe mwenzangu, wewe umesoma sana.”

“Nimesoma.”

“Umesoma vitabu vya hapa na vya ng’ambo.”

“Vingi.”

“Na katika vyote hivyo hukukuta kwamba kabla jua halijachomoza hakuna mwenye kivuli? Si wewe, si mimi, si punda wa kinu?”

Ukumbi ulilipuka. Walipiga miguu sakafuni. Demko alipuliza zumari ndani ya nyumba, jambo ambalo limekatazwa. Mimi nilifungua mdomo na kuufunga mara kadhaa.

“Lakini… alfajiri si adhuhuri,” nikasema kwa unyonge.

“Kiapo changu kilisema kivuli kisicho na urefu! Kifupi ni kizuri, kutokuwepo ni bora. Bibi harusi wa Orlitsa atavuka alfajiri. Kwisha!”

“Na nyama, mzee?” Demko akauliza.

“Italiwa asubuhi.”

“Mwanakondoo mzima, asubuhi?”

“Wewe ukiamshwa ukapewa paja, utalikataa?”

“Nimeuliza tu.”

Nikajaribu mara ya mwisho, sauti imenikauka. “Na usiku ukiwa na mawingu? Theluji itakuwa uji hata alfajiri. Hilo Stamen hawezi kulijua…”

“Nani hajui? Kisigino kikizama, hatuvuki! Harusi itafanyika uani na mkate nitaubeba mwenyewe. Mwalimu, kaa chini, umechoka.”

Nilikaa. Wakati wa kutoka watu walinipigapiga begani kwa huruma. Nevena alinishika mkono hadi kwenye kona ya kanisa.

“Mama, umeshindwa vibaya.”

“Vibaya sana.”

“Nakupenda,” akasema.

19 Aprili

Mvua.

20 Aprili

Mvua ya vuguvugu. Mito imepanda. Kisigino kinazama hadi goti.

22 Aprili

Imekatika. Mawingu yamebaki, na usiku haukugandisha kitu. Nilipanda alfajiri ukingoni. Nikamkuta Stamen yupo tayari, amechomeka fimbo hadi kwenye mpini.

“Uji,” akasema.

“Uji.”

Tukanywa kahawa kutoka kwenye chupa yake.

23 Aprili

Usiku mweupe wa nyota. Asubuhi ganda linabeba mbwa.

24 Aprili

Linabeba Nevena. Halimbebi Stamen. Amesema ni kosa la mbatata za Stoyna. Stoyna amesema hajawahi kumlazimisha mtu sahani ya tatu.

25 Aprili

Mawingu tangu asubuhi, mepesi, ya kutia wazimu. Nevena amesukwa nywele. Mwanakondoo ameshapandishwa kibandani pamoja na watu wa kuoka. Stamen ameondoa milango ya vyumba vyote vya Orlitsa ili iwe meza, kwa kuwa meza ziko tumboni mwa Mlizamu. Kila baada ya muda mtu anatoka nje, anatazama juu, anarudi. Hakuna anayemuuliza alichoona.

Machweo upepo wa kaskazini umeanza. Naona nyota moja. Stamen amenipungia mkono kutoka kwenye paa la kiwanda. Sijui alipanda kufanya nini huko.

26 Aprili

Tulifika msonobari wa mwisho kukiwa na mwanga wa rangi ya chuma, watu arobaini wenye nguo za harusi ndani ya makoti, pumzi zetu zikipanda kama za farasi. Hakuna aliyekuwa na kivuli. Nilitazama makusudi.

Mtu mmoja akamnong’oneza Demko aweke zumari chini, asije akaangusha mlima kwa kelele. Hapo nilisahau kwamba mimi ni mtu aliyeshindwa. “Upuuzi!” nikasema. “Kelele haijawahi kuangusha theluji, maji ndiyo huiangusha, na uzito. Pigeni! Ila mvuke mmoja mmoja. Mpaka wa mbele afike ng’ambo, wa nyuma haweki mguu.”

“Mmoja mmoja,” Stamen akarudia, “na kila mtu na wimbo wake.” Hilo lilikuwa lake, sikulitia mimi, nalo ni wazo bora kuliko yote ya msimu huu.

Akaenda yeye kwanza, mzito kuliko wote. Sijawahi kuona watu arobaini wakitazama kisigino kimoja. Akakanyaga, akasikiliza. Hatua, kisigino. Hatua, kisigino. Katikati kabisa akasimama, akainua mguu, akaupigiza chini kwa nguvu zote kama anayeua nyoka. Tak! Sauti ya mbao. Akageuka, akaturushia kofia hewani.

Kisha Nevena. Amevaa shela juu ya kofia ya sufu, buti chini ya gauni, mkate kifuani umefungwa kitambaa. Demko alianza wimbo wa bibi harusi, taratibu, na ngoma ikafuata, na miamba ikarudisha kila pigo. Mwanangu hakukimbia. Alitembea kama anayekwenda kisimani. Juu yake ule mteremko ulikuwa umesimama, bluu, mgumu, kimya, na mimi niliyeuandikia kurasa na kurasa za matusi niliuomba tafadhali. Alipofika ng’ambo, Stamen alipokea mkate na kumbusu paji la uso. Nikagundua kwamba nimemshika Demko mkono kwa nguvu, na kwamba wimbo ulikuwa umepotea noti kadhaa kwa sababu hiyo.

Ognyan alipata wimbo wa askari anayerudi nyumbani. Stoyna alivuka akicheza, mikono kiunoni, kwa wimbo wa msichana wa miaka kumi na minane. Zamu yangu ilipofika Demko, yule mshenzi, alipiga ule wimbo wa zamani wa kuchezeshea dubu. Watu wa pande zote mbili waliinama kwa kicheko. Nikavuka nikiyumba kama dubu, na nakiri, nilicheza vizuri.

Jua lilipogusa ukingo wa juu wa Mlizamu, wa mwisho alikuwa ameshapita.

Tulikula mwanakondoo asubuhi, juu ya milango. Niseme wazi kwa wote walioona ni kichekesho: hujala nyama mpaka uile saa moja asubuhi mlimani, na mtindi wa kondoo, na pilipili za kuchoma, baada ya kuwa umeogopa. Tulicheza duara lililozunguka kibanda mara mbili. Vyumba vyote vilikuwa wazi na hakuna aliyeweza kujificha ili apumzike.

Karibu na ile saa ya desturi, Stoyna aliinua kidole. Ngoma ikanyamaza. Ile sauti ya kabati linaloburutwa, lakini safari hii lilikuwa nyumba nzima ya makabati. Tukatoka ukumbini. Mlizamu wote ulikuwa unashuka, kuanzia kwenye mwamba, chini hadi kwenye majani, kijivu na manjano, mawe ndani yake, misonobari midogo imesimama wima ikisafiri. Ulichukua muda mrefu. Ulipita juu ya nyayo zetu zote za alfajiri, za dubu na za bibi harusi, ukaendelea, ukajikunja bondeni, ukatulia. Maji yakaanza kuimba chini yake.

Ognyan alikuwa amemweka Nevena ndani ya koti lake.

Stamen alivua kofia. Akaja kusimama kando yangu.

“Haya sema. Nakusubiri.”

“Sina la kusema, mkwe mwenzangu.”

“Unaumwa?”

“Mzima.”

Alitafuna sharubu. “Ulidhani sikuuona mtego wako kule ukumbini? Nakujua tangu tukiwa watoto. Hujawahi kumpa mtu nafasi ya kukujibu, na siku ile ukaniachia lango wazi na kunipa na mgongo. ‘Moja tu! Hata Stamen hawezi!’ Hata punda wa kinu alijua.”

“Kwa nini ukaingia, basi?”

“Kwa sababu tangu siku ya zile meza natafuta pa kutokea. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, Rada. Ulikuwa na haki, na ulikuwa umeziba mlango mzima.”

Nilimwangalia mtu huyu niliyemwandikia kwamba masharubu yake ni mengi kuliko hoja. Nikaona aibu kidogo, na furaha nyingi.

“Utaandika,” akasema.

“Nitaandika.”

“Andika pia kwamba nilivuka wa kwanza.” Kisha akageuka, akapaza sauti hadi miamba ikaitika: “Demko! Maiti imefufuka! Piga!”

Tulicheza mpaka nyota zikatoka, nyingi, safi, za kugandisha.

27 Aprili

Tumeshuka alfajiri juu ya mabaki ya Mlizamu yaliyoganda usiku, kila mtu na wimbo wake, Demko midomo imevimba. Nyuma ya kiwanda cha mbao mti wa plamu umechanua usiku huu. Tumefungua nyuzi zetu za Bibi Machi na kuzifunga matawini. Stamen aliufungua wangu mwenyewe. Alikuwa amekaza sana.

6 Mei

Siku ya Mtakatifu Georgi. Meza mbili kati ya tano zimeanza kuchungulia bondeni, miguu juu. Ognyan ananiita Mama sasa, na bado sentensi zake ni fupi.

Nafunga hapa, na kabla sijafunga nina neno na ninyi, wanachama wa Orlitsa mtakaoketi kwenye mkutano wa Oktoba mkiwa mmeshiba na theluji iko mbali. Msiifute ile sentensi ya maiti kwenye kumbukumbu. Iacheni, na chini yake mwandike kilichopita Mlizamu adhuhuri ya harusi ya Nevena. Kwenye kila mwaliko wa machipuko, wa harusi, wa sikukuu, wa matembezi ya shule, badilisheni saa: tunavuka kabla ya jua, mmoja mmoja, tunakula asubuhi, tunalala juu, tunarudi alfajiri. Msiniletee mababu, mababu walitaka bibi harusi asiwe na kivuli, nasi tumewatimizia kuliko walivyowahi kutimiza wenyewe. Na kwenye msonobari wa mwisho upigiliwe ubao wenye maneno haya matatu, kwa herufi ambazo hata mlevi atazisoma: KISIGINO KIKIZAMA, RUDI.

Ubao nimeshauandika. Nyundo atashika Stamen. Misumari leteni ninyi.